Mlango Aliouruka Mzee Ormerod

Mzee Hedley Ormerod alikuwa na neno juu ya kila habari iliyotangazwa Uingereza, na kila neno alilichapa. Karatasi moja, pande mbili, kila wiki, kwa miaka arobaini na mmoja. Juu yake iliandikwa kwa herufi nene NIONAVYO MIMI, na chini, kwa herufi ndogo, jina lake na anwani ya nyumba yake, ili atakayetaka kumpiga asipate tabu ya kumtafuta.

Nimeyasikia maoni hayo yote, nikitaka nisitake. Mimi ni Mwanahawa, fundi cherehani. Nilitoka Tanga kumfuata mume, mume akapata pa kwenda, mimi nikabaki Askerdale na cherehani yangu. Kibanda changu cha kubadilisha zipu na kupunguza suruali kiko mlangoni mwa soko, upande unaopigwa na upepo, na kila Jumamosi kwa miaka kumi na saba Mzee Ormerod alikunjua meza yake hatua tatu kutoka kwangu. Ukiwa na jirani kama huyo huhitaji redio.

Jumatano alisikiliza habari na kuandika. Alhamisi alichapa. Ijumaa alasiri alizungusha karatasi mia tatu nyumba kwa nyumba, akizisukuma kwenye tundu la barua mlangoni kwa mwiko wa marehemu mkewe, maana mbwa wa Askerdale hukaa nyuma ya mlango wakingoja vidole. Jumamosi alisimama sokoni kujibu waliochukia.

Na aliandika, Mungu anajua. Waziri aliposema foleni ya hospitali imepungua, yeye akaandika: "Ni kweli imepungua. Bwana Tattersall wa mtaa wetu alikuwa ndani yake miezi kumi na minne, na wiki iliyopita tumemzika." Mwaka ule mawaziri wakuu walipopokezana kiti kama watoto kwenye bembea, akaandika kwamba nchi imebadilisha soksi mara tatu na harufu ni ile ile. Magazeti yalipopiga kelele juu ya wahamiaji wa mashua, akaandika: "Mnawaogopa watu arobaini waliolowa na kutetemeka. Aliyefunga zahanati yenu alikuja kwa gari jeusi, mkamkaribisha chai." Kwa hiyo moja alivunjiwa kioo cha dirisha. Akaweka ubao, akaendelea kuandika.

"Ormerod," muuza samaki, Bwana Hargreave, alimtania kila Jumamosi, "umeiangusha serikali leo?"

"Bado. Nimeichelewesha kifungua kinywa."

"Basi ukishaiangusha niambie, nifunge duka mapema."

Alikuwa na chama zamani. Chama kilimfukuza mara mbili, naye akakifukuza mara moja, wakawa hawadaiani. Lakini desturi za chama hakuziacha. Wanaharakati wa huku wana daftari la milango: kila nyumba namba yake, na mbele ya namba alama. Huyu yuko nasi, huyu anapinga, huyu hajaamua, huyu ana mbwa. Na kuna alama moja inayoheshimiwa kuliko zote, duara lenye mstari katikati, maana yake mwenye nyumba amesema asisumbuliwe. Penye alama hiyo hugongi, hupitishi karatasi, hata kama nchi inawaka moto.

"Mlango wa mtu ni nchi yake," alikuwa akisema. "Nikiambiwa niusiguse, siugusi, awe jaji au awe mlevi."

Katika daftari lile, mtaa wa Thornhill, nyumba namba kumi na nne ilikuwa na duara hilo. Alilichora mwenyewe, mbele yangu. Ilikuwa nyumba ya binti yake wa pekee.

Gillian ndiye aliyekuwa mhariri wa karatasi ile tangu ana miaka minane. Baba anaandika, mtoto anashika kalamu nyekundu, anakalia ngazi, anasahihisha. "Baba, umeandika elfu, ni laki." "Baba, sentensi hii haina mwisho." Hata alipoolewa, hata alipoachika, kila Jumatano jioni alipita na kalamu yake. Mama yake, Edna, alifundisha kuogelea kwenye bwawa la mji. Nusu ya Askerdale haikuzama kwa sababu ya mama yule. Edna akafa, na miaka mitatu baadaye halmashauri ikasema bwawa haliendesheki tena. Ofisa aliyepewa kuandika ripoti ya kulifunga alikuwa Gillian.

Mwandishi hodari angenyamaza wiki moja. Mzee Ormerod hakunyamaza. Jumatano ile hakumwonyesha binti yake karatasi. Aliandika: "Mkono ulioandika ripoti hii ulifundishwa kupiga maji ndani ya bwawa hilo hilo, na mama aliyekwisha kufa. Sasa umerudi kumzika mara ya pili." Nyumba mia tatu zikasoma.

Jumamosi Gillian alikuja sokoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Aliiweka karatasi mezani, imekunjwa mara nne.

"Usipitishe tena karatasi yako mlangoni kwangu," akasema.

Mzee akasema, "Sawa."

Basi. Nilishika mkasi nikangoja neno la pili, halikuja. Binti akageuka, baba akafungua daftari, akachora duara. Hargreave akajitia kupanga samaki waliokuwa wamepangwa tayari. Ningekuwa kwetu ningewashika wote wawili kwa masikio. Lakini nilikuwa mgeni kidogo bado, nikameza mate.

Miaka tisa ikapita hivyo. Kila Ijumaa Mzee Ormerod alifika Thornhill, akasukuma karatasi namba kumi na mbili, akaruka, akasukuma namba kumi na sita. Gillian hakuonekana tena sokoni. Ofisini kwa halmashauri nilisikia ameacha kazi, nikadhani anafanya kazi nyingine. Na karatasi yenyewe ikaanza kujaa makosa. Elfu zikawa laki, laki zikawa elfu. Watu wakacheka, naye akasema, "Mhariri yuko likizo."

Mwaka huu, mwezi wa tatu, siku moja ya mvua nyepesi, alikuja kibandani kwangu na suruali isiyokuwa na tatizo.

"Nipunguzie," akasema.

"Mzee, hii nikiipunguza utavaa kaptura. Una nini?"

Akaketi juu ya stuli ya wateja. Aligeuza uso akatazama rafu ya nyuzi, kana kwamba mimi niko kule.

"Nimetoka kliniki ya macho. Kati kunafutika. Pembeni naona, kati hapana. Nikisoma, neno ninalolitazama ndilo linalopotea. Daktari anasema ikifika majira ya baridi sitatambua uso wa mtu."

 Nikampa chai.

"Nimeona mengi," akasema. "Mawaziri kumi na sita wa elimu nimewaona, na sikukosa kitu nikiacha kumwona wa kumi na saba. Lakini uso wa Gillian, Hawa, nautaka. Mara moja tu, kabla haujafutika. Nalala nikijaribu kuukumbuka, unakuja ule wa miaka minane, na kalamu."

"Basi nenda ukagonge. Thornhill si Amerika."

"Amesema asisumbuliwe."

"Wewe nawe. Kwetu tunasema akufukuzaye hakwambii toka. Yeye kakwambia, maana yake hakukufukuza."

"Kwetu sisi," akasema Mzee Ormerod, "ukiambiwa toka, unatoka. Na unafunga geti nyuma yako."

Unaona watu hawa? Mtoto akikunyea kiganjani huukati mkono. Yeye mkono alikuwa ameukata mwenyewe, akautia kwenye daftari, akauita heshima.

Sasa ngazi za Thornhill zilikuwa zinamshinda, na namba za milango hazioni. Akaniomba nimfanyie mzunguko wa Ijumaa. Nilikubali kwa shingo upande, nina suruali za watu. Alinikabidhi begi la turubai, mwiko, na daftari, kisha akanishika kiwiko.

"Ukifika kumi na nne, ruka. Ila simama ng'ambo kidogo, karibu na ukuta wa kanisa. Ana taa ya buluu dirishani. Tazama kama inawaka, uje uniambie."

"Kwa nini?"

"Ikiwaka, mzima. Nami namwambia usiku mwema, naenda zangu."

"Miaka tisa unafanya hivyo?"

"Wiki mbili nilikosa. Nilikuwa na nimonia."

Ijumaa ya kwanza nilifanya kama nilivyoagizwa. Taa ilikuwa inawaka. Nikarudi nikamwambia inawaka, akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaenda kulala. Ijumaa ya pili ilinyesha. Nimesimama pale ukutani kama mwizi, maji yananiingia viatuni, natazama taa ya mtu kwa niaba ya mtu mwingine, na hasira ikanipanda. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nikavuka barabara, nikafungua geti la kumi na nne, nikachukua mwiko wa Edna, nikaisukuma karatasi ndani yote mpaka nikaisikia ikidondoka. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama nimevunja benki.

Sijafika getini, mlango ukafunguka. Alikuwa kijana mmoja mwenye ndevu, kitambaa cha mtoto begani, karatasi mkononi.

"Samahani," akasema. "Hii ni yako?"

"Ni ya Mzee Ormerod. Gillian yupo?"

"Gillian? Alituuzia nyumba miaka mitatu iliyopita."

Nikashika geti.

"Na taa?"

"Taa aliiacha. Aliomba tuwe tunaiwasha jioni. Tulidhani ni mambo ya mila." Akajikuna ndevu. "Ngoja, usiende."

Akaingia, nikasikia droo ikifunguliwa. Alirudi na kadi ndogo imeanza kupinda pembe.

"Alisema, akija mzee mwenye begi la turubai akapitisha karatasi kwenye tundu hili, mpeni hii. Tumengoja. Hakuna aliyepitisha."

"Mlikuwa hamumwoni? Kila Ijumaa anasimama pale ukutani."

Akawa mwekundu hadi masikio. "Tulikuwa tunamwona. Mke wangu alitaka kumwita. Lakini maagizo yalikuwa akipitisha karatasi, na yeye hakupitisha. Tukaona pengine hapendi kusumbuliwa."

Watu wa huku wataniua kwa adabu zao. Huyu anangoja karatasi, yule anangoja ruhusa, mwingine anamwona mzee analowa miaka mitatu na anaona vibaya kumsalimia. Na Askerdale nzima, nilikuja kujua baadaye, ilifahamu kwamba Gillian amehama. Hargreave alifahamu. Kila mmoja alidhani baba anajua, na kumuuliza mtu habari za mwanawe ni kuingilia.

Kadi haikuwa na salamu wala namba ya simu. Jina la mtaa, namba tisa, Sandholme, mji wa pwani ya mashariki. Imeandikwa kwa wino mwekundu.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwake, nikamkuta jikoni, redio inazungumza habari za bei ya umeme.

"Inawaka?" akauliza.

"Zima redio."

Hakuna aliyewahi kumwambia mzee yule azime redio wakati wa habari. Akazima.

"Nimepitisha karatasi kwenye mlango wa kumi na nne."

Sauti ikamtoka kavu. "Nilikwambia uruke."

"Uliniambia. Nifukuze kazi usiyonilipa. Gillian hayupo pale. Amehama miaka mitatu. Kakuachia hii."

Nikamsomea kadi. Akaomba aishike. Aliizungusha karibu na jicho, akaipeleka huku, akaipeleka kule, mpaka ukingo wa jicho lake ukaupata wekundu wa wino, na hapo mkono ukatulia.

"Ile taa ilikuwa ya nani?"

"Ya hao wapya. Wana mtoto mchanga."

"Miaka mitatu," akasema, "nimekuwa nikimwambia usiku mwema mtu nisiyemjua." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nimemkosa, Hawa. Nimemkosa hata pale nilipodhani ninaye."

Nilimwacha alie. Sikumwambia nyamaza; kwa nini anyamaze? Chai ilipopoa nikachemsha nyingine.

"Sasa," nikasema, "kesho tunapanda treni, au utaniambia Sandholme nako kuna duara?"

Aliuelekeza uso dirishani. Nikaona mwanaharakati anaamka ndani ya yule mzee, taratibu, kama mtu anayetafuta viatu.

"Alama inakwenda na mlango," akasema. "Haimfuati mtu. Ukihama, daftari linaanza upya. Hiyo ndiyo kanuni."

"Basi ishukuru kanuni, jiandae."

"Siwezi kwenda mkono mtupu. Nitakwenda na karatasi." Akavuta kiti. "Nawe utaandika, mimi sioni mistari. Andika juu: Nionavyo Mimi. Chini yake andika: Masahihisho."

Nikamtazama. Miaka arobaini na mmoja karatasi ile haikuwahi kusahihisha kitu. Ilikosea waziri, ikakosea mwaka, iliwahi kumzika diwani aliyekuwa mzima, haikusahihisha.

Akaanza kusema, polepole, kama anasoma kitu kilichoandikwa ndani zamani. "Miaka tisa iliyopita karatasi hii ilimshambulia mwandishi wa ripoti ya bwawa la kuogelea. Mwenye karatasi hii alikuwa hajaisoma ripoti hiyo. Baadaye aliisoma yote, kurasa arobaini na mbili. Katika ukurasa wa thelathini na moja, mwandishi aliiomba halmashauri iliache bwawa wazi siku mbili kwa wiki, na akaeleza njia ya kulipia. Halmashauri ilikataa. Aliyelizika bwawa si yeye. Karatasi hii ilisema uongo juu ya mtu mwema, na ilipojua kwamba imesema uongo, ilinyamaza."

Kalamu ikanisimama mkononi.

"Baadaye lini? Uliisoma lini?"

"Maktaba. Mwaka wa pili."

"Miaka saba unajua?"

"Miaka saba."

"Na ukaendelea kuruka mlango wake."

"Nilikuwa na kanuni," akasema.

"Ulikuwa na aibu, Mzee. Kanuni ilikuwa shuka ya kujifunikia."

Hakubisha. Mtu aliyebishana na mawaziri kumi na sita wa elimu hakubisha na fundi suruali. Alisema tu, "Tuchape mia tatu. Uongo ulikwenda nyumba mia tatu. Lakini ya kwanza kuchapwa ni ya kwake."

Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza tangu ile nimonia, meza haikukunjuliwa. Hargreave alituona kituoni tunangoja treni, mzee amevaa tai na begi la turubai begani, mwiko umechomoza.

"Ormerod, hujaja sokoni. Serikali imeanguka?"

"Mimi ndiye niliyeanguka," akasema Mzee Ormerod. "Soma yako, nimeipitisha kwenye tundu lako. Na siku nyingine binti ya mtu akihama, sema."

Hargreave akavua kofia, akairudisha. "Nilidhani unajua," akasema.

Treni ya kwanza ilifutwa kwa upungufu wa madereva. Ya pili ilichelewa dakika hamsini. Mzee hakuandika neno. Alikuwa ameweka bahasha yenye karatasi mapajani na mikono juu yake, na kila kituo aliniuliza ni wapi, nami nikamwambia. Njiani aliniuliza kama nadhani Gillian amezeeka. Nikamwambia kila mtu amezeeka, hata mimi niliyekuwa mzuri. Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Nikifika na kati kumeshafutika, je?" Nikamwambia hiyo haiwezi kutokea leo, na sikuwa na uhakika.

Namba tisa ilikuwa nyumba nyembamba ya matofali, mlango wa kijani. Nilimwongoza mpaka kizingitini, nikarudi nyuma nisimame getini. Alipapasa akalipata tundu la barua. Akakunja karatasi mara moja, akaiweka juu ya mwiko, akaisukuma yote mpaka ndani, maana karatasi inayoning'inia nje humwambia mwizi hakuna mtu. Halafu, wallahi, akageuka, akashuka njia, akatoka, akafunga geti.

"Unakwenda wapi?"

"Nimemaliza."

"Gonga mlango, Mzee."

"Siku ya karatasi si siku ya kugonga. Ukipitisha karatasi unaondoka, unamwachia mtu nafasi ya kusoma."

"Tumetoka Askerdale, tumengoja treni mbili, umekuja kuuona uso wa mtoto wako, unamwachia nafasi?"

"Asome kwanza," akasema. "Akisoma asipofungua, nitajua. Nikigonga, atafungua kwa adabu. Sitaki anifungulie kwa adabu."

Kwa hilo nikamwacha. Tulisimama nje ya geti. Ndani hapakuwa na sauti. Nilihesabu madirisha ya mtaa mzima. Mzee alikuwa ameshika nguzo ya geti, mwiko unachungulia kwenye begi, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anakariri ile karatasi, anaisoma pamoja naye mstari kwa mstari.

Mlango ukafunguka. Nilimjua Gillian kwa namna alivyosimama tu. Nywele zimekuwa nyeupe, miwani shingoni kwa kamba. Mkono mmoja karatasi, mkono mwingine kalamu nyekundu.

"Si ukurasa wa thelathini na moja," akasema. "Ni wa thelathini na tatu."

"Nilikuwa sina mhariri," akasema Mzee Ormerod.

Gillian akaja mpaka katikati ya njia, akasimama. 

"Miaka tisa, Baba. Nilikataza karatasi. Sikukukataza wewe."

Mzee alifungua kinywa. Nilijua anataka kusema hukufafanua, namfahamu.  Badala yake alitoa kitambaa, akakishika tu. Na uso wake wote akaugeuza, akautazama upande wa nyumba ya jirani, kwenye mapipa ya taka.

"Mbona unatazama kule?" Sauti ya Gillian ikapanda. "Umekuja mpaka hapa na bado huwezi kunitazama?"

Nikataka kusema. Mzee akainua kiganja kunizuia.

"Macho, mwanangu. Kati kumefutika. Nikikutazama moja kwa moja, unapotea, nabaki na nguo na nywele. Nikitazama mapipa ya jirani, nakuona kidogo pembeni."

 Gillian aliivua ile miwani ya shingoni, akaitia mfukoni, kana kwamba itamzuia. Akasogea hatua moja kulia.

"Hapa?"

"Bado kidogo."

Akasogea tena, mpaka akakanyaga maua yake mwenyewe.

"Hapa?"

"Hapo," akasema Mzee Ormerod, akitazama mapipa, na machozi yakimshuka. "Hapo. Kaa hapo hapo."

Mimi nikafungua geti, maana alikuwa amelifunga.